Miguu ya Daraja

Mdogo wangu alipoingia karakanani na besi yake mgongoni, akaiegemeza ukutani, akaniambia anataka daraja lake likatwe miguu na kutiwa vigurudumu, nilijua kuna jambo baya nyumbani kwetu.

Ombi lenyewe ni la kawaida kabisa. Wapigaji wengi wa dabo besi, lile pipa la nyuzi nne linalopigwa kwa kusimama, wanavyo vigurudumu. Daraja ni kile kipande cha mbao kinachosimama kwa miguu miwili juu ya kifua cha besi na kuzibeba nyuzi. Mvua zikija mbao inavimba, kifua kinapanda, nyuzi zinakwenda juu na vidole vinapata taabu kuzibana. Jua likirudi zinashuka, zinaanza kuvuma ovyo kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Ukikata miguu ya daraja na kuingiza skrubu yenye kigurudumu katika kila mguu, unapandisha na kushusha upendavyo bila kumsumbua fundi.

Sasa, humu ndani hatukati miguu ya daraja. Baba hakukata, na tangu aniachie karakana sijakata. Mtu akija kulalamika nyuzi ziko juu, nalitoa daraja, nalichonga kwa patasi na tupa mpaka linakaa sawa. Akitaka la msimu wa jua namchongea la pili. Baba aliamini sauti hupotelea kwenye chuma, na kwa imani hiyo nimewafukuza wateja wa maana, wengine wakiwa na magari yanawangoja nje. Mdogo wangu anayajua yote hayo. Amejifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza hii.

"Nyuzi zimepanda, dada," akasema.

"Zimepanda kiasi gani?"

"Zimepanda tu."

Mikono alikuwa ameizamisha mifukoni. Nje mvua ilikuwa inamwaga tangu asubuhi, na ndani nilikuwa nimewasha taa ingawa ulikuwa mchana. Nikachukua rula ya chuma, nikapima mwisho wa ubao wa vidole. Kweli zilikuwa zimepanda, lakini kwa unene wa ukucha. Mtu aliyepiga besi tangu ndevu hazijamwota hanung'uniki kwa unene wa ukucha. Hapo ndipo roho iliponidunda, maana Baba naye alianza kwa kulaumu vyombo.

Asubuhi moja Baba alisema patasi zimekuwa butu. Akanoa. Kesho yake akasema chuma cha siku hizi hakikai makali, akanoa tena. Ikawa kazi yake ni kunoa kutwa, mpaka jiwe la kunolea likaingia bonde katikati, na ninalo hadi leo. Patasi zake ziliisha zikabaki vipande vifupi. Baadaye akawa anamwomba Mama amfungie vifungo vya shati. Baadaye akawa anakunywa chai kwa mrija. Ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ikanywea, pakabaki kibonde ambacho ungeweza kuweka kunde na isidondoke. Mwishowe alishindwa kumeza mate yake mwenyewe, na yeye alikuwa mtu wa kupiga domo tangu kuku wanashuka mpaka wanapanda.

Tulipomaliza kuzika, daktari alimwita Mama pembeni akamwambia ugonjwa ule hutembea kwenye damu. Mama akatukalisha kitandani kwake, mimi na mdogo wangu, akatueleza mara moja tu, kisha akatukataza kulizungumza tena. Tulimtii hata baada ya yeye naye kuondoka. Lakini tangu siku ile hatujawahi kusalimiana bila kutazamana mikono. Yeye ndiye kitindamimba, na jina lake la nyumbani ni hilo hilo, Kitinda. Mimi ndiye mkubwa. Tumebaki wawili.

Kwa hiyo alipokuja na besi yake sikumtazama usoni. Niliitazama mifuko yake.

"Mikono imekuwaje?" nikamuuliza, kama utani.

"Baridi."

"Na wewe ulivyo mwili nyumba, baridi inakupata wapi?"

Akacheka, lakini mikono haikutoka. Nikamtengea chai, mtego mtupu. Kikombe nikakiacha mezani ili akichukue mwenyewe. Akakichukua kwa mikono miwili, akakikumbatia, vidole vyote vimefichika upande wa pili. Nikajisemea, haya, kikombe kimoja kinahitaji mikono miwili. Nilimwogopea mpaka nikaiweka kando sheria ya Baba.

Nikatoa boksi la vigurudumu kutoka kwenye kabati la juu. Nilikuwa nimeviagiza zamani kwa ajili ya mteja mmoja king'ang'anizi, halafu nikamkatalia dakika ya mwisho kwa sababu alinijibu vibaya. Vilikuwa vya aina tatu. Nikavipanga juu ya kitambaa.

"Hivi vya shaba," nikamweleza, "ni vizito, vinaibana sauti. Hivi vya mpingo vinaimba vizuri kuliko vyote, ila mitaro ya skrubu zake ni ya mbao, inakwama kwenye mvua. Hivi vya alumini ni vyepesi, havina sauti mbaya wala nzuri. Chagua, nikusikitikie."

Hakuvigusa. Alisogeza kile cha shaba kwangu kwa kiwiko, akasema, "Hebu kizungushe, nione."

"Wewe huna mikono?"

"Fundi ni wewe, dada."

Nikakizungusha kwenye kipande chake cha majaribio. Kilikwenda kwa shida, kimekaa sana kabatini. Akasema nijaribu cha mpingo. Hicho kikagoma kabisa, nikakitupa. Cha alumini kikakubali, taratibu. Muda wote huo mdogo wangu ameinama juu ya meza kama mtu anayesoma maandishi madogo, na mimi nikajua ananitumia vidole vyangu ili asionyeshe vyake.

"Hicho," akasema. "Cha alumini."

"Kwa sauti ya kawaida namna hii?"

"Kinazunguka kirahisi. Mimi hilo tu."

Mpigaji anayechagua kifaa kwa wepesi wa kukizungusha badala ya sauti! Nikaona mambo yamefika shingoni. Nilitaka kumshika mabega nimuulize tangu lini. Badala yake nikamkaripia asimwage chai kwenye vumbi la mbao.

Tukailaza besi chali juu ya mablanketi. Nyuzi nilizilegeza polepole, moja kidogo, nyingine kidogo, kwa sababu ndani ya tumbo la besi kuna kijiti kilichosimama bila gundi wala msumari. Kinashikwa na mgandamizo tu. Ukiziachia nyuzi ghafla, kinaanguka, na kukisimamisha tena ni kazi ya kulia. Vile vigingi vya kuzungushia nyuzi vilikuwa vigumu. Nikamlaumu kwa kutovitia grisi. Akasema amevitia juzi. Nikamwambia basi alitia mate.

Daraja likatoka. Nililichonga mimi mwaka uliopita, na alama yangu ilikuwa bado chini ya mguu wa kushoto. Nikalibana kwenye jiliwa, ile koleo kubwa ya mezani, nikachora kwa penseli mahali pa kukata.

Kukata miguu si kazi ya kubahatisha. Kwanza unatoboa, miguu ikiwa bado mizima, tundu moja kila mguu, kutoka kwenye unyayo kwenda juu. Matundu mawili hayo lazima yaende sambamba. Yakipishana hata kidogo, vigurudumu vinaumana na daraja halipandi wala halishuki. Baada ya hapo unakata, unapunguza mbao kiasi cha unene wa kigurudumu, kisha unachonga hesi, ile mitaro ya skrubu, ndani ya tundu la juu. Matundu yangu yalitoka sambamba. Nilipitisha vijiti viwili vilivyonyooka, nikavipima juu na chini, havikutofautiana hata kwa unene wa karatasi. Mashine ya kutoboa haina hila, ukiiwekea mbao sawa inakwenda sawa.

Kwenye msumeno ndipo nilipotokwa jasho. Mbao ya daraja ni ngumu, sikatai, lakini msumeno ule ulikuwa umeisha meno. Nilikata, nikapumzika, nikakata.

"Nikusaidie?" mdogo wangu akauliza.

"Kaa hapo."

"Napiga msumeno tu, dada, siyo kupasua mtu."

"Nimesema kaa."

Nilijua anachotaka. Alitaka kunionyesha kwamba bado anaweza. Nami sikuwa na ujasiri wa kumwona akishindwa mbele yangu.

Nilipofika mguu wa pili, fundi cherehani wa mlango wa pili akaingia na gazeti kichwani kujikinga na mvua. Nilikuwa nimemwita tangu asubuhi anifungulie kopo la gundi, maana siku hizi viwandani wanakaza vifuniko kana kwamba wamefungia majini ndani yake. Akalifungua kwa mara moja, mama wa watu, akaliweka mezani, akamsalimia mdogo wangu.

"Afadhali umekuja umwambie dada yako," akamwambia. "Hatulali mchana kwa kelele za lile jiwe. Siku hizi ananoa utadhani marehemu baba yenu amerudi."

"Nanoa kwa sababu patasi ni za ovyo," nikamjibu. "Wewe mkasi wako usipokata, hunoi?"

"Mkasi wangu unaunoa wewe, na unakata hadi naogopa." Akacheka, akajifunika gazeti lake, akatoka.

Mdogo wangu hakucheka. Alikwenda pale pembeni kwenye jiwe la kunolea, akasimama akilitazama. Lilikuwa bado limelowa maji. Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.

Miguu ikakatika. Nikasafisha ncha kwa patasi, nikipitisha mara nyingi zaidi ya kawaida kwa sababu patasi haikuwa inakula. Halafu nikaanza kuchonga hesi. Chuma cha kuchongea hesi kina mpini kama herufi ya T, unakizungusha nusu mbele, robo nyuma, ili kisikwame. Mguu wa kwanza nilimaliza kwa kuulalia na kifua. Wa pili ulinichukua mpaka mvua ikapungua ikaongezeka tena. Mdogo wangu alikuwa amerudi kwenye kigoda, mikono mifukoni, macho chini.

Nikashindwa kuvumilia.

"Utaniambia lini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Unajua nini."

Taa ya juu ya meza ilikuwa inavuma, ni kawaida yake mvua ikinyesha. Akasema, "Malizia kwanza, dada."

Hapo nikawa sina shaka. Nikahesabu moyoni yatakayokuja: vifungo, mrija, kitanda. Nikapanga chumba cha nyuma nitakachomtolea vitu ili alale, mke wake apumzike usiku. Nikaapa sitamwacha anoe chochote, wala sitamcheka kwa chochote. Nilikuwa nimeshamlilia kabla hajafa, naye amekaa mbele yangu anapumua.

Nikachukua kigurudumu cha kwanza, nikakiingiza kwenye mguu. Kilikwenda kwa kusukumana, lakini kilikwenda. Cha pili kikashika mzunguko mmoja, kikagoma. Nikakirudisha, nikapuliza vumbi, nikapaka sabuni kavu kwenye hesi, nikajaribu tena. Kikagoma. Nikakibana kwa kitambaa nipate mshiko. Wapi.

"Alumini ya siku hizi takataka," nikasema. "Hesi haikai. Itabidi nirudie tundu zima."

Mdogo wangu akasimama. "Lete."

"Utakivunja."

"Lete, dada."

Akatoa mkono wa kushoto mfukoni, ule ule wa kubania nyuzi. Akashika kigurudumu kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, akakizungusha. Kikaenda. Kilizunguka bila mlio mpaka mwisho wa hesi, kikatua kwa upole. Akakirudisha mpaka juu. Akakipeleka tena mpaka chini. Kila alipozungusha, ile nyama kati ya vidole vyake viwili ilituna, imejaa tele, haina kibonde wala dalili ya kibonde.

Nilifurahi. Nilifurahi kiasi cha pumzi moja, nikataka kumpiga kofi la mgongo kwa kunitia presha bure. Halafu nikaona hatazami daraja. Anatazama mkono wangu uliokuwa umelala mezani.

"Ni hizi patasi," nikasema. "Butu. Ncha hazikutoka sawa, ndiyo maana hesi..."

Akachukua patasi niliyokuwa naitumia. Akakunja mkono wa shati, akailaza kwenye kigasha chake, akaisukuma taratibu. Vinyweleo vikatoka vyote, pakabaki ngozi tupu, safi. Akavipuliza kutoka kwenye makali, akairudisha patasi mezani bila kuigongesha.

Niliitazama ile ngozi tupu ya kigasha chake.

"Nyuzi zilianza kupanda lini?" nikamuuliza hatimaye.

"Hazikupanda, dada. Huo unene wa ukucha ni wa mvua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwaka jana nilikuomba ulishushe hili daraja. Ulilichonga kutwa nzima, ukaniambia tayari. Nilipofika nyumbani nikapima. Halikuwa limeshuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

Nikaifunika patasi kwa kitambaa.

"Nikapiga hivyo hivyo mwaka mzima," akasema. "Mpaka kidole cha kati kikapasuka, ndicho nilichokuwa nakuficha mfukoni. Mke wangu ndiye aliyeniambia nitafute kitu nitakachokizungusha mwenyewe. Nisikuletee tena daraja la kuchonga, ukashindwa, ukaenda kunoa." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilitaka pia kuona. Ndiyo maana nimekuzungushisha vyote vitatu. Nisamehe."

Nikauinua mkono wangu wa kulia chini ya taa. Niliugeuza kama ninavyogeuza daraja la mteja kutafuta ufa. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na kibonde. Kidogo, lakini kunde ingekaa.

Niliogopa. Sijui kusema kwa namna nyingine. Niliogopa kama mtoto, na nilimwonea wivu mdogo wangu kwa mkono wake mzima, na nikajichukia kwa wivu huo, yote kwa wakati mmoja. Nikakumbuka magauni yangu yote mapya ni ya kuvalia kichwani, hayana vifungo. Nilikuwa nimejiambia vifungo ni ushamba.

"Umemwambia mtu mwingine?" nikauliza.

"Hapana."

"Hata shangazi?"

"Hata shangazi."

Mvua ilikuwa inapiga bati bila kuchoka. Kwa fundi cherehani mashine ilisikika ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Mdogo wangu alivuta kigoda karibu akakaa, magoti yetu yakagusana kama tulivyokaa siku ile kitandani kwa Mama.

"Besi haiwezi kulala chali hivyo," nikasema. "Kijiti cha ndani kitaanguka."

Tukasimama. Tukarudisha daraja mahali pake, yeye akilishika wima, mimi nikielekeza kwa mdomo: kushoto kidogo, rudisha, hapo. Akakaza vigingi mwenyewe, uzi mmoja kidogo, mwingine kidogo, huku nikisikiliza ndani ya tumbo la besi kama kijiti kimetikisika. Hakikutikisika. Tukaisimamisha. Akapima kwa rula yangu.

"Ziko juu," akasema. "Bado ni daraja lile lile. Nishushe kiasi gani?"

Mtu yeyote anayenijua atakuambia: katika karakana hii mpigaji hagusi daraja lake. Nimewahi kumpiga mtu mkono kwa kulisogeza. Nilinyoosha vidole kuelekea kigurudumu cha kushoto, vikafika, vikakaa juu ya alumini baridi. Nikavitoa.

"Shusha wewe," nikamwambia.

Akainama, akaanza kuzungusha, mguu huu kidogo, mguu ule kidogo, akiuliza kila mara kama inatosha. Nilimjibu bado. Mikono yangu nikaiingiza mifukoni.